Hina ya mikononi na watoto nyumbani: ikigoma, anza kuangalia wapi

Kabla hujamwaga bakuli zima au kumgombeza mtoto kwamba hakutulia, kuna kitu kimoja kidogo nakuomba ufanye kila mkikaa kuchora: chukua koni ileile unayompakia mtoto, yaani kile kifuko cha plastiki chenye ncha cha kukamulia hina, weka nukta moja katikati ya kiganja chako wewe, ukubwa wa kifungo cha shati, na uiache muda uleule atakaokaa nayo yeye. Mimi nimepoteza unga mwingi sana kabla sijapata akili hii. Nukta yako ikikolea na ua la mtoto likabaki limepauka, hina ni nzima, shida iko kwenye ngozi yake au kwenye muda. Nukta yako nayo ikigoma, usihangaike na mikono ya mtu, shida iko kwenye bakuli. Zikikolea zote mbili ila mchoro haueleweki kama ni ua au buibui, basi ni uzito wa hina au mkono wa mchoraji, na hiyo ndo rahisi kuliko zote.

Ili tuwe tunaongea kitu kimoja, kipimo changu mimi ni hiki: unga wa hina gramu 25, yaani kama vijiko 4 vya chakula, sukari kijiko 1 cha chai kilichojaa, na maji ya ndimu yaliyochujwa au nusu ndimu nusu maji. Usimimine yote kwa mkupuo, anza na kama mililita 60, koroga iwe nzito kama udongo wa kuchezea, funika kwa plastiki iguse hina yenyewe hewa isiingie, iache ilale masaa 8 mpaka 12 kwenye joto la kawaida la chumba, alafu ndo unaongeza kidogokidogo mpaka iwe laini. Hapo unapata koni ndogo kama 4, inatosha watoto watatu na wewe mwenyewe. Mambo ya kahawa, majani ya chai, na vile viungo vingine watu wanavyochemsha sijawahi kuona vikiongeza kitu zaidi ya harufu, nimeacha.

Imetoka ya chungwa, hafifu, mtoto analia kwamba imeharibika

Mara nyingi haijaharibika. Hina halisi ukiitoa ni ya chungwa, saa nyingine chungwa ya kupiga kelele kabisa, na ndo inavyotakiwa. Rangi yake inatoka kwenye kitu kinaitwa lawsoni kilichomo kwenye majani ya mhina, kinaingia kwenye tabaka la juu la ngozi, lile lililokufa, kinashikana na keratini, ile protini ya ngozi, humo, alafu kwa siku moja mpaka mbili kinapata hewa na kuzidi kuiva. Kwa hiyo hukumu ya rangi ni baada ya masaa 48 siyo dakika ile unayobandua. Binti yangu mara ya kwanza alipoona chungwa alikimbilia sinki akasugua kwa sabuni na ile sponji ya vyombo akisema "haijawa kama yako", nami nilikuwa nimejipaka siku mbili kabla yake! Kesho yake pale alipokuwa hajafikia kusugua, kwenye ncha za vidole, palikuwa kahawia imekolea vizuri, na katikati ya kiganja pamebaki ukungu ukungu tu. Tangu siku hiyo nawaambia mapema kabla sijapaka hata nukta moja: leo chungwa, kesho kahawia, keshokutwa ndo yenyewe.

Kama masaa 48 yamepita na bado hafifu, angalia nukta yako. Yako imekolea? Basi pitia haya.

Umepaka wapi. Kiganja na ncha za vidole zina ngozi nene ndo maana zinakolea kuliko sehemu zote, nyuma ya kiganja ni nusu yake, ukipanda kwenye kifundo na mkono inazidi kupungua. Na ngozi ya mtoto haijakomaa kwa kazi kama yako, kiganja chako kimeshika sufuria na mafagio miaka, chake kimeshika midoli. Usilinganishe nyuma ya kiganja chake na katikati ya kiganja chako, hapo umejidanganya mwenyewe, weka na nukta nyuma ya mkono wako kama ndo ulipompaka.

Imekaa muda gani. Mkubwa anaweza kukaa na hina masaa 6 au akalala nayo. Mtoto wa miaka 6 ukipata saa nzima umshukuru Mungu. Saa moja inatoa rangi, ndiyo, ila siyo ile ya kukolea sana, masaa 2 unaona tofauti kubwa. Kwa hiyo ama ukubali rangi ya saa moja na umwambie ukweli, ama upange muda vizuri, huko chini nitasema navyopanga.

Mikono ilikuwa na mafuta. Hii ndo inayotupata wengi kwa sababu watoto tunawapaka losheni baada ya kuoga bila hata kufikiria, mkono unang'aa, hina inakaa juu ya mafuta kama mgeni aliyekosa kiti. Osha kwa sabuni, suuza, kausha kwa taulo kavu, subiri dakika chache. Ukipitisha kidole chako kwenye kiganja chake kikateleza, osha tena.

Mikono ya baridi. Hina inapenda joto la mwili. Mtoto aliyetoka kuchezea maji au aliyekaa kwenye feni, vidole vyake viko kama samaki wa kwenye friji, rangi itaenda taratibu. Mpe asugue viganja vyake kabla, au ashike chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa vizuri, na feni izime hata kama wewe unatoka jasho.

Maji mapema mno. Hapa ndo rangi nyingi za watoto zinapoishia. Ukimaliza muda usimpeleke bombani, hina iliyokauka inabanduliwa kwa kidole au kwa upande butu wa kijiko, iliyogoma unailainisha kwa mafuta ya kupikia na tishu. Alafu mkono huo ukae bila maji angalau masaa 12, ukifika 24 vizuri zaidi. Najua, mtoto masaa 12 bila kunawa ni ndoto, atakula, ataenda chooni, na huwezi kumwambia asinawe akitoka chooni, afya kwanza. Ndo maana mimi napaka mkono mmoja tu, ule asioutumia sana, na kabla ya kunawa au kuoga napitisha mafuta ya nazi juu ya mchoro yakinge kidogo.

Na nukta yangu nayo imegoma

Sasa tunarudi kwenye bakuli. Kuna sababu nne na kila moja ina alama zake, usibadilishe vyote kwa pamoja maana hutajua kilichotibu.

Haijaiva. Ulikoroga saa nne asubuhi ukapaka saa tano kwa sababu watoto wameshakuzunguka wanapiga meza. Fungua bakuli, kwangua juu kidogo kwa kijiko: ikiwa imeanza kutoa rangi, uso wa juu unakuwa kahawia wakati chini yake bado kijani, na kile kimaji kinachobaki pembeni kinakuwa na wekundu wa chungwa. Kama juu na chini ni kijani kimoja, bado. Jaribu nukta ya dakika 5, futa, ukiona chungwa imebaki endeleeni, usipoona rudisha plastiki na utafute cha kuwashughulisha. Ukiwa kweli una haraka, koroga kwa maji ya uvuguvugu badala ya ndimu na iweke mahali pa joto, itaiva ndani ya masaa machache, lakini ujue iliyoiva haraka inakufa haraka pia, itumie siku hiyohiyo.

Imepitiliza. Hii ni kinyume chake. Hina iliyokaa kwenye joto la chumba siku mbili tatu, uso wote kahawia mpaka ndani, ukipaka nukta inatoka chungwa ya maji maji isiyoiva hata ukingoja wiki. Hiyo haifufuki, usiongeze ndimu, usiongeze sukari, mwaga. Iliyobaki siku ya kupaka ifungwe kwenye koni na iingie friza jioni ileile, humo inakaa miezi. Friji ya kawaida ni siku chache tu. Na ukitoa friza iache iyeyuke yenyewe mezani, mimi nimewahi kuweka koni kwenye maji ya moto ili iwahi ikapasuka ncha, hina yote ikawa supu ndani ya kikombe.

Unga umechoka. Unga mzuri una kijani na unanuka kama majani makavu, uliokaa wazi kwenye mwanga na joto unakuwa kahawia kahawia na harufu inapotea. Ukikoroga wa zamani na wa mpya vijiko viwili viwili kwenye vikombe viwili tofauti na kupaka nukta mbili kwenye kiganja kimoja, kesho yake utajua bila kubishana na mtu. Uweke kwenye kopo lisilopitisha hewa, au friza pia.

Ya nne ni unga wa nywele. Si kwamba haushiki kabisa, unashika, ila mara nyingi umesagwa kwa chenga, una mchanga na vijiti, na pakiti nyingine zimechanganywa na vitu vya kukoza nywele ambavyo havitakiwi kwenye ngozi ya mtoto. Soma pakiti. Ikiandikwa kitu kingine zaidi ya majani ya hina peke yake, iache kwa ajili ya kazi yake.

Nyeusi ti, tena kwa dakika chache, au mkono unawasha

Hapa acha mzaha. Hina haina weusi. Koni au unga wowote unaotoa nyeusi ya wino ndani ya nusu saa, au unaoahidi rangi ya damu ya mzee kwa dakika 10, hiyo siyo hina peke yake, na zile nyeusi tunazoita piko mara nyingi ni rangi ya nywele yenye PPD, parafenilinidiamini kwa urefu. Hiyo dawa kwenye rangi za nywele inawekewa mipaka, Umoja wa Ulaya kwa mfano ni asilimia 2 tu ikiwa kichwani, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa, wakati hii ya kuchorea haina wa kuipima. Inaweza kuleta malengelenge yanayofuata mchoro ulivyo, jani kwa jani, na kuacha kovu au alama nyeupe. Kibaya zaidi mwili ukishaikataa mara moja unaikumbuka maisha yote: mtoto aliyechorwa piko akiwa na miaka 7 anaweza akaja kupaka rangi ya nywele akiwa na 25 akavimba uso mzima.

Na usidanganyike kwamba "alipakwa mwaka jana hakudhurika". Mara ya kwanza mwili unajifunza tu, mara ya pili ndo unajibu. Saa nyingine hata mara ya kwanza majibu yanakuja baada ya siku kadhaa, mpaka wiki mbili tatu, wakati mmeshasahau.

Koni za kununua zilizokwishajazwa mimi siwapaki watoto, nasema wazi. Hebu fikiria: hina ya kukoroga inakufa kwa siku mbili tatu kwenye joto la chumba, sasa hiyo koni iliyokaa kwenye rafu miezi na bado inatoa rangi imehifadhiwa na nini? Ukikata ncha ikanuka petroli, mafuta ya taa au rangi ya ukuta, hata nukta ya kujaribu usiweke.

Ikishatokea mkono unawasha, dalili zinatofautiana. Mwasho mdogo wa dakika za mwanzo pale penye mkwaruzo, mara nyingi ni ndimu tu, toa, suuza, safari nyingine tumia maji matupu badala ya ndimu, na usipake juu ya kidonda, ukurutu au palipong'atwa na mbu. Ngozi ikichomachoma bila mkwaruzo wowote, kumbuka uliweka mafuta gani ya kunukia. Wakubwa wanaweka mengi ili ikolee, ila kwa watoto mimi ni lavenda peke yake, kijiko kimoja cha chai kwa zile gramu 25, na kwa walio chini ya miaka 6 siweki chochote. Mafuta ya karafuu yanaunguza ngozi, ya mkaratusi, kafuri na mnanaa weka mbali kabisa na wadogo, hata kunusa tu yanaweza kuwasumbua pumzi. Lakini wekundu unaopanda, uvimbe, malengelenge, au mtoto anakohoa na midomo inavimba, hiyo siyo ya kujadili na mama jirani, osha kwa maji mengi na sabuni mpeleke hospitali, na ile koni beba nayo waione.

Kuna na hili ambalo watu hawalisemi: watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hawatakiwi kupakwa hina hata iwe safi namna gani, kwa sababu lawsoni ikipita kwenye ngozi inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Ni hali ya kurithi, wavulana zaidi, na wengi hawajui kama wanayo. Kwa sababu hiyohiyo watoto wachanga siwapaki, hata nyayo, hata kanukta ka mapambo. Mtoto akiwa amepakwa alafu siku moja mbili akapauka, akawa wa manjano machoni, mkojo mweusi kama chai, hiyo ni dharura ya kukimbia siyo ya kungoja asubuhi.

Mistari inatambaa, au inakatikakatika, au koni imeziba

Tukishatoka huko kwenye vitisho, haya mengine ni mepesi. Chukua kijiko, nyanyua hina, iache ianguke. Ikimwagika kama maziwa ni nyepesi, mistari itatanuka na majani yote yataungana kuwa doa moja. Ongeza unga nusu kijiko, koroga, subiri masaa kadhaa maana huo unga mpya nao lazima uive. Ikidondoka mapande mapande ni nzito, ndo maana mstari unakatika na mtoto anakamua kwa nguvu mpaka koni inapasuka mkiani na hina yote inatokea kwenye mapaja. Ongeza kioevu matone, siyo vijiko, watu wanaharibu hapa. Unayoitaka inaanguka kama utepe, inakaa juu ya ile nyingine sekunde moja hivi kabla haijazama. Wa kuanza waachie nzito kidogo kama dawa ya meno, inawasamehe mkono ukitetemeka.

Koni kuziba ni chenga. Usichokonoe na pini kwanza, maana unaisukuma chenga ndani na tundu linapanuka, badala ya uzi unapata kamba. Bonyeza ncha kwa vidole viwili ukivuta kuelekea mbele, mara nyingi kajiti kanatoka. Dawa yenyewe ni kuchuja: hina ikishaiva itie ndani ya soksi ndefu nyembamba ya nailoni iliyo safi, ifunge, ikamue kama unayekamua nguo mpaka inayobaki ndani ni makapi tu. Kazi chafu, vaa glavu, watoto wanaipenda kupita maelezo ila ukiwaruhusu nao wavae.

Mstari unatoka na vipovu, alafu pah! inaruka tone la pembeni? Hewa. Gonga koni taratibu ncha ikiwa chini, sukuma hina ishuke, kunja mkia upya na selotepu. Na usijaze koni ya mtoto zaidi ya nusu, kiganja chake hakifiki, atakamua katikati badala ya mkiani, hina inapanda juu inatokea nyuma. Kwa wa miaka 4 au 5 achana na koni kabisa, tafuta kichupa laini cha plastiki chenye mdomo mwembamba, atafanya nukta tu, na nukta 5 kuzunguka nukta moja tayari ni ua, hata mimi siku nikiwa mchovu ndo ua langu hilo.

Kabla hajagusa ngozi ya mtu, chora umbo la mkono wake mwenyewe kwenye karatasi, funika na plastiki angavu, achore humo. Akimaliza unakwangua hina inarudi kwenye koni, hakuna kilichopotea. Makosa ya kwenye ngozi yana dirisha dogo sana la kusahihisha, kama dakika moja mbili hivi, kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye mafuta, pangusa mara moja kuelekea upande mmoja. Usifute kwa maji, yanatandaza. Ikishapita hapo acha, geuza kosa liwe jani.

Inabanduka kabla ya muda

Umemaliza, kazuri, dakika 20 baadaye mapande yako chini na mtoto anayakanyaga. Sababu ni sukari kidogo au hakuna, au imepakwa nene kama keki ikakauka juu ikapasuka. Sukari ndo inayoifanya ivutike na kung'ang'ania. Ila mwenye kuzidisha naye anakutana na kinyume chake: hewa ikiwa na unyevu, hina haikauki, inatoa jasho, inateleza kwenye vidole mpaka usiku. Kama kwenu hewa ni nzito mara nyingi, punguza kile kijiko kiwe nusu.

Ya kukauka mno unaiokoa kwa maji ya ndimu yaliyokorogwa na sukari, yasiwe mengi, chovya pamba, donoa donoa juu ya hina iliyoshakauka usisugue. Inashikamana tena na kubaki na unyevu, na ndo namna ya kupata rangi zaidi bila kuongeza muda. Ukilowesha sana mistari inachuruzika na kazi yote inakuwa kivuli. Kwa mtoto mwenye mikwaruzo tumia maji na sukari bila ndimu.

Mtoto hatulii

Sijui kama hili ni tatizo la hina au la utoto. Lakini lina utaratibu wake na nimeujua kwa kuumia: kwanza chooni, pili maji ya kunywa, tatu pua ipengwe vizuri, nywele zifungwe nyuma, nguo ya zamani yenye mikono mifupi, ndo mkae. Siku nilipoiruka ile ya pua kijana wangu alijifuta kwa mgongo wa mkono uliopakwa, akawa na sharubu za chungwa siku tatu nzima.

Mchoro uwe mfupi. Dakika 5 kwa wa miaka 4, 10 kwa wa 7 hivi, zaidi ya hapo unajitafutia ugomvi. Anza kwenye vidole ukirudi nyuma, ili kiganja chako kisipite juu ya ulichokwishachora, na mkono wake ulale kwenye mto siyo hewani, hewani lazima utatetemeka. Alafu baada ya kupaka ndo kazi inaanza, ile saa ya kusubiri, hapo mpe kitu cha masikio: hadithi, vitendawili, katuni. Kitu cha kumfanya acheke sana siyo, atapiga makofi.

Wakubwa kidogo wanaotaka ikae usiku: ikishakauka kabisa funga tishu laini juu, soksi ya pamba juu ya mkono, ndo alale. Plastiki usiku kucha sipendi, mkono unatoka jasho, hina inayeyuka, asubuhi ni zizi. Chini ya miaka 6 hapana, kuna kunyonya vidole, kuna kujikuna macho. Hina ikiingia jichoni ni kusuuza na maji safi yanayotiririka dakika 15, na bado ukamwone daktari.

Imeshika pasipotakiwa

Tandika gazeti na plastiki chini yake, gazeti peke yake linapitisha. Kitambaa kikidondokewa, kwangua kwanza usisugue, suuza upande wa nyuma kwa maji ya baridi papo hapo, sabuni, rudia. Ikikaukia masaa hesabu hiyo nguo kuwa ya hina milele, mimi nina fulana ya kazi hiyo na haina tena nafasi nyeupe. Kwenye kaunta na sinki futa ndani ya dakika chache haibaki kitu.

Kwenye ngozi hakuna kifutio cha papo hapo, yeyote anayekuambia paka jiki mtoto usimsikilize. Inatoka ngozi inapojibadilisha, wiki moja mpaka mbili mkononi, na unaiharakisha kwa kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu, mafuta na kitambaa cha kusugulia, kidogo kila siku. Usoni ni haraka zaidi, na hili nalijua kwa sababu yule binti yangu wa sponji alilala bila soksi, mkono chini ya shavu, asubuhi ana ua zima la chungwa shavuni, limegeuka kama la kwenye kioo, na petali zote 6 zinahesabika. Nilianza kutafuta mafuta nimfute. Akanizuia, akaenda nalo hivyohivyo kuwaonyesha wenzake, na siku ya nne lilipoisha ndo alilia.